Kofia Isiyomtosha Baba

Harufu ya wanga wa muhogo ukichemka hunirudisha Shauri Moyo, kwenye chumba chetu kimoja chenye pazia katikati. Mama alikuwa akiupika kwenye sufuria kuukuu mpaka uwe mwepesi kama uji wa mgonjwa, akachovya kofia ndani yake, kisha akaifunika juu ya bakuli ikauke ikiwa imesimama. Wengine hukumbuka utoto wao kwa maandazi. Mimi nakumbuka wanga, na pamoja nao Ramadhani ile niliyompeleleza mama yangu mzazi.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, mdogo wangu Hamadi mitano. Baba alikuwa mtu wa Machakos aliyesilimu kabla ya kumwoa mama, na alifanya kazi kiwandani Industrial Area. Akishaondoka tu asubuhi, mama, ambaye alilelewa Mombasa, alitandika mkeka, akatunawisha mikono kwa sabuni, kisha akatoa kitambaa cheupe alichokificha chini ya godoro. Kofia ya mkono hutobolewa vitundu vidogo mno kufuata mchoro wa penseli, na kila kitundu huzungushiwa uzi. Mimi nilitoboa. Hamadi alitunga uzi kwenye sindano, na kwa kuwa aliulamba kila mara, mama alimwuliza kama hiyo ndiyo futari yake.

“Ni zawadi ya Idi,” mama alituambia. “Ni ya mtu wetu. Lakini baba yenu asijue.”

Nilifurahi, nikidhani mtu wetu ni baba mwenyewe. Ila kofia si sweta, kwamba ikizidi kidogo utasema mtu atanenepa. Kofia hushonwa kwa kichwa cha mwenyewe. Wateja wa mama walikuja nyumbani, akawazungushia uzi kichwani na kufunga fundo, na fundo hilo ndilo lililokuwa kipimo. Hii hakumpimia mtu. Nilimwona akijizungushia uzi kichwani mwake, akaongeza upana wa vidole viwili, akafumba macho kama anayekumbuka kitu, halafu akafunga fundo. Jambo hilo liliniwasha.

Jumapili, baba alipopitiwa na usingizi baada ya swala ya adhuhuri, nikauiba ule uzi nikampima. Ulimlegea mpaka ukamwangukia puani, akapiga chafya. Kofia haikuwa yake.

Nilimweleza rafiki yangu Njeri, wa nyumba ya pili, aliyenizidi umri kidogo na kwa hiyo alijua kila kitu. Alitafuna muwa wake, akatema makapi.

“Mathe wako ana jamaa mwingine,” akasema. “Buda wako akishtuka, nyinyi mtapelekwa ushago, mkalime huko kijijini.”

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi basi nikaanza kuchunguza nguo za mama. Akijifukiza udi, najiuliza ni kwa ajili ya nani. Akichelewa sokoni, nasimama mlangoni. Zaidi ya yote nilitazama vichwa vya wanaume wa mtaa mzima. Muuza makaa alikuwa na kichwa cha kutosha kabisa, nikaacha kumsalimia. Maalimu wetu wa chuoni aliniuliza kwa nini nakodolea macho kilemba chake badala ya msahafu, akanichapa. Mnaweza kucheka sasa, lakini niliogopa sana. Nililala nikiwa nimeshika ncha ya kanga ya mama, ili akiondoka aniamshe. Mchana niliendelea kutoboa vitundu, maana ningekataa angejua kwamba najua.

Siku ya Idi, baba alipokuwa ametoka kuswali na pilau iko mezani, mlango ulibishwa. Baba akafungua. Mbele yake alisimama mzee mwembamba mwenye fimbo, kanzu ikimpwaya mabegani, na mkono wa baba ukabaki kwenye komeo.

“Shikamoo, baba,” mama akasema kutoka nyuma yetu.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nina babu. Siku mama alipoolewa, mzee huyo alimwambia kwamba atakayemfuata mtu wa bara aliyesilimu jana basi asimwite tena baba. Sasa alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho, amefikia kwa mdogo wake Pumwani, na mama alikuwa amemtumia salamu za kumkaribisha bila kujua kama atakuja. Baba yangu alishamwambia mama asijipendekeze kwa mtu asiyewataka.

Mama alitoa kofia, akamvisha. Iliteremka mpaka kwenye nyusi, ikashikwa na masikio.

“Si yake,” nikasema, shaka zangu zote zikinirudia. “Ni kubwa.”

Mzee aliishika kwa mikono miwili. “Ni yangu, mjukuu wangu. Kichwa ndicho kilichopungua.”

Mama akatoka nje, na tukamsikia akilia karibu na bomba. Baba alichana ukurasa wa gazeti, akaukunja mara kadhaa mpaka ukawa ukanda mwembamba, akaichukua kofia na kuupachika ndani yake pande zote, akamvisha mkwewe kwa mikono yake mwenyewe. Ilimkaa sawasawa. Akamvutia kiti.

Miaka mingi niliamini mama alilia kwa aibu ya kukosea kipimo. Nilielewa juzi tu, nikimsuka yeye mwenyewe nywele, nilipohisi jinsi kichwa chake kilivyopungua kwa uzee mikononi mwangu. Mama hakukosea. Alimshonea baba yake kama alivyokuwa siku alipomfukuza, mwanamume mzima mwenye kichwa kikubwa, na huyo ndiye aliyekuwa akibishana naye moyoni miaka yote ile. Aliyekuja mlangoni alikuwa mzee, na muda wa kubishana naye ulikuwa umekwisha.