Siku Nilipomnunulia Sanda Ndugu Yangu Aliye Hai

Jambo la kunishangaza mimi halijazaliwa. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu barazani kwangu, na nilikuwa na haki ya kusema, kwa sababu mtu aliyeingia Tabora na kaptura moja na mzinga mmoja wa nyuki, shule hajui hata mlango wake ulipo, akaishia kununua nta ya nusu ya Unyamwezi na kuisafirisha kwa mabehewa, mtu huyo ameona mengi: simba nimekutana naye, njaa nimelala nayo, na mkaguzi wa mizani wa serikali nimemshinda kwa maneno matupu. Lakini aibu niliyoipata mwaka ule niliomwoza mdogo wangu inasimuliwa mjini mpaka leo, tena kwa kutiwa chumvi, basi afadhali niitoe mwenyewe, ijulikane ilivyokuwa.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Mdogo wangu Athumani nilimlea mimi, maana baba alifariki yeye bado ananyonya, kwa hiyo kwangu ni ndugu na ni mtoto. Posa tulipeleka mtaa wa Chemchem, kwa Mzee Shabani, seremala, mtu mpole wa maneno machache, mwenye binti anayeitwa Mwajuma, na ndoa ilikuwa ifungwe Ijumaa. Jumatano mimi na Athumani tukashinda stesheni tunapakia nta (mimi nikisimamia, yeye akibeba, tuseme ukweli), gunia juu ya gunia mpaka jua likazama, na jioni hiyo hiyo tukaalikwa chakula ukweni.

Chakula chenyewe! Pilau ya samli ya Usukuma, ikafuatiwa na mkate wa kumimina, ukafuatiwa na chai iliyotiwa sukari mpaka midomo inanata. Athumani akala, akasogea nyuma, akasema ametosheka. Hapo ndipo nilipofanya kale kajambo kadogo kalikozaa yote: nikamsogezea sehemu yangu, nikamnong'oneza, "Kula bwana, usinitie aibu, watasema Maganga amewaletea mgonjwa." Akala. Nikamsogezea tena, akala tena, huku natupa macho huku na huku nione kama wenyeji wanaona ndugu yangu anavyokula, na walikuwa wanaona, na mimi nimevimba kama chura.

Alfajiri ya Alhamisi nikamgongea twende msikitini. Kimya. Nikaingia, nikamkuta amelala chali, macho wazi.

"Kaka," akasema, sauti iko chini lakini iko, "miguu haipo."

"Imekwenda wapi? Amka."

"Na mikono nayo haipo."

Nikauinua mkono wake nikauachia, ukaanguka kama nguo iliyolowa. Mguu vivyo hivyo. Shangazi Nyamizi, dada yake baba, ambaye tunakaa naye, akaingia akaanza kumkanda na kumsemesha, na mimi nikasimama katikati ya chumba na ile akili yangu yote, ikaniletea neno moja tu: sumu. Jana amekula ukweni, leo hana viungo, ushahidi gani tena unatakiwa? Nikajua huyu hafiki adhuhuri. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuwatangulia wenzangu katika kila kitu, nikawaza hivi (msinicheke): mwenye duka akimwona mteja amekuja analia humpandishia bei ya bafta, kile kitambaa cha sanda, basi heri nikainunue sanda sasa hivi, macho makavu, tupatane vizuri. Nikapanda baiskeli nikaenda.

Na tulipatana, nilimtoa jasho yule bwana. Akaniuliza, "Ya nani, bwana Maganga?" Nikamjibu, "Ya mdogo wangu," nikaifunga nyuma ya baiskeli, nyeupe inang'aa, nikakata katikati ya soko ili niwahi, na pale sokoni mnyororo wa baiskeli ukakatika, ikabidi niisukume kwa miguu mbele ya mji mzima, watu wananiuliza kama ni msiba, mimi nawajibu kwa kichwa tu.

Basi habari ikafika nyumbani kabla yangu. Nilikuta uani wanawake wanalia, wanaume wa msikitini wameshaleta jeneza, na mlangoni kasimama Pazi. Huyu Pazi ni Mzaramo, anafanya kazi reli, na Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo ya pembe, kwa hiyo kwenye msiba wetu yeye ana ruhusa ya kufanya vurugu anayoitaka mpaka tumlipe, na hakuna wa kumkataza. Kabla sijafungua mdomo amekwisha kunipokonya sanda, akajiviringisha, akajilaza kizingitini.

"Hapiti mtu! Nimekufa mimi!" akapiga kelele. "Mnyamwezi kafa kwa wali, jamani! Tumbo limezoea uji wa mtama, limepewa pilau, limeaga dunia! Nilipeni nifufuke!"

Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo ilivyo kwetu. Mara akatokea Mzee Shabani, anakimbia, vumbi la mbao bado limo kwenye ndevu, machozi yanamtoka kwa ajili ya mkwe wake. Nami badala ya kumpa mkono nikamnyooshea kidole.

"Umekuja kutazama kazi yako? Umemlisha mdogo wangu sumu! Ndoa hakuna!"

Wanawake wakaacha kulia wanisikie. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, wa nyuma wasikie: "Ndoa hakuna!"

Kutoka chumbani ikaja sauti: "Kaka, ndoa ipo. Naomba maji."

Ndugu zangu, sijawahi kuona watu wazima wakiruka ua wa miiba namna ile. Pazi mwenyewe aliruka na sanda yangu ikimburura nyuma. Shangazi akatoka mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani aliyesema amekufa? Nimepiga kelele humu ndani koo limekauka, nani atanisikia kwa vilio vyenu? Mtoto anasema, anasikia, hana nguvu tu. Mpelekeni hospitali, wapumbavu nyie!"

Tumpeleke kwa kitu gani? Baiskeli ndiyo hiyo haina mnyororo. Gari sina. Macho yetu yakaenda kwenye lile jeneza, hakuna aliyetaka kulisema, mpaka Athumani mwenyewe akasema, "Nipandisheni tu, nitashuka."

Mzee Shabani, yule niliyemwita muuaji dakika tano nyuma, akashika mbele. Nikashika upande wa pili. Pazi akarudi akashika nyuma, sanda ameivaa shingoni. Na nyinyi mnajua desturi yetu, jeneza likipita barabarani mtu haulizi, anaacha lake, anaingia, anapokea bega. Wakawa wanaingia, wanatia dua, msafara unarefuka. Mzee mmoja wa heshima akaja mbio akaweka bega chini ya jeneza, na Athumani kutoka juu, kwa adabu niliyomfundisha mimi, akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitika yule mzee kwa mazoea, akaenda hatua chache, kisha jambo likamwingia akilini. Akaachia. Kidogo tumwage maiti yetu mtaroni.

Hospitalini tulimkuta daktari Mhindi anayekijua Kiswahili vizuri, nami nikamweleza habari ya sumu kwa ukamilifu, nikimwonyesha na muuaji mwenyewe. Akanisikiliza, akauliza, "Sinia hilo mlikula wangapi?"

"Sita."

"Wagonjwa wangapi?"

Nikageuka nikamtazama Mzee Shabani, nikajitazama na mimi. "Mmoja."

"Sumu yenu inachagua watu?" Akamgeukia Athumani. "Imewahi kukupata hivi?"

Athumani akanitazama kwanza mimi, ndipo akajibu. "Kila baada ya Idi, Daktari. Asubuhi miguu inakuwa mizito, mchana inarudi. Kaka husema ni uvivu."

Nikatazama dari.

"Baba yao vilevile," Shangazi akadakia. "Alikuwa mpagazi. Yeye na wenzake walifika kambi ya Ziba wamechoka, wakala wakashiba, asubuhi hakuinuka, wenzake wakamwita mvivu wakamwacha kambini. Siku ya pili akawafikia njiani, mzigo uko kichwani."

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeokota alichokuwa anakitafuta. Alivyonieleza ni hivi, nami nilimfanya arudie mpaka nikashika: ndani ya damu kuna kitu kinaitwa potasiamu, kidogo tu, lakini ndicho kinachoifanya misuli iitike ukiituma. Watu wengine wamezaliwa, kwa upande wa baba au mama, na mwili ambao wakifanya kazi nzito, kisha wakala wanga mwingi na sukari, kisha wakalala, potasiamu inakimbilia ndani ya misuli, damu inabaki nayo pungufu, na mtu anaamka hana mkono wala mguu. Si uvivu, si uchawi, wala si mkono wa mkwe.

"Mashine ya kuipima hapa hatuna," akasema. "Nitampa dawa yenye kitu hicho, tumwangalie. Ulifanya vizuri kumleta, maana siku nyingine hali hii ingeweza kuugusa moyo."

Ikaletwa dawa kwenye bilauri. Nikaomba nionje kwanza (bado sumu haijanitoka kichwani), nikaonja, ulimi ukakunjamana kama jani motoni. Athumani akanyweshwa kidogo kidogo. Nikakaa chini kando ya kitanda nimekitazama kidole gumba cha mguu wake, sikutazama kitu kingine, nikimwomba Mungu kimoja tu, kwamba huyu asimame. Adhuhuri ikapita. Kidole kikacheza. Nikafikiri ni macho yangu. Kikacheza tena.

"Kaka," akasema, "mguu umekuja."

Nililia, sifichi. Pazi akasema, "Mtani analia, bei imepanda." Jioni Athumani alikuwa ameketi.

Daktari akatuambia kuimaliza kabisa hali hiyo hataweza, lakini Athumani akiyajua mambo yake ataishi na atazeeka kama wengine: ale kidogo kidogo mara nyingi, apende maharage, mboga za majani na ndizi, asivimbiwe wali na vitamu, akitoka kazi nzito asijitupe kitandani, na akianza kuhisi mapaja mazito anywe dawa yake mapema.

Ikabaki ndoa niliyoivunja kwa mdomo wangu. Nilikwenda Chemchem mchana kweupe, nikavua kofia mbele ya watu walewale wa uani kwangu, niliokwenda nao, nikasema kwa sauti ileile, "Mzee Shabani, nilikusingizia."

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini anayeolewa si mimi. Aulizwe mwenyewe kama anamtaka mtu wa namna hiyo."

Mwajuma akajibu kutoka nyuma ya pazia: "Niambieni tu anakula mara ngapi kwa siku, nijue ninunue sufuria kubwa kiasi gani."

Ndoa ikafungwa Ijumaa ya pili. Sinia lilipopita mbele ya bwana harusi, Shangazi alilisimamia kama askari wa gereza, na mimi, Maganga, ndiye niliyelisukuma kwenda mbele, Pazi akipiga kelele kwamba Wanyamwezi wameanza ubahili. Asubuhi yake nilisimama nje ya mlango wao kabla ya adhana, kofia mkononi, sithubutu kugonga. Nikasikia makubadhi yanaburuzwa sakafuni, hatua kwa hatua, yanakuja mlangoni.

"Kaka, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kukuamsha," nikasema.

"Nimeshaamka."

Tangu hapo nimeapa mambo mawili: simwiti mtu mvivu kabla sijamuuliza anavyojisikia, na sinunui sanda ya mtu anayeniomba maji. Yule mwenye duka alikataa kuipokea tena ile sanda, Pazi alidai ada yake kamili kwa kuwa yeye alikufa akafufuka, Mzee Shabani nilimpelekea beberu wa radhi, na baiskeli ikavalishwa mnyororo mpya. Kwa jumla ilinigharimu shilingi sabini na moja na senti arobaini.