Kura ya Ghorofa ya Nne

Shangazi yangu, dada yake baba, hajawahi kupanda ngazi kwa miguu yake. Homa ilimkamata akiwa na miaka mitatu, ikamwachia roho ikachukua miguu. "Hii iliyobaki ni ya kuvalia soksi tu," husema mwenyewe. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono, na mikono yake imekomaa kama ya mchukuzi wa mizigo.

Kazi yake ni kubadilisha zipu: za suruali, za mabegi ya shule, za magauni ya watu walionenepa. Sokoni wanamwita Mama Zipu, ingawa wanaomjua vizuri husema jina halimfai, maana mdomo wake hauna zipu.

Pembeni yake hukaa Mzee Redio. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na ule mwanga ukamla macho kidogo kidogo mpaka yakazima yote mawili. Si ndugu yetu. Alipokosa kazi shangazi alimpa vifungo na zipu avichambue kwa vidole, na vidole vyake havikosei. Redio yake ndogo haitoki sikioni. Yeye humwita shangazi "dada", shangazi humwita "kaka", na hubishana tangu wanapofungua hadi wanapofunga.

Wote wawili walipanga nyumba moja nyuma ya soko. Siku moja ukuta ukapakwa alama nyekundu. Wakaambiwa mfereji wa maji ya mvua utapita hapo, wahame, na kila mpangaji aandikishe jina apewe chumba kwenye majengo mapya ya halmashauri. Wakaandikisha. Tingatinga likafika mapema, majengo yakachelewa.

Hapa nina aibu yangu. Mimi na mume wangu tulikuwa na chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Tulimpandisha shangazi mgongoni, tukamtandikia sebuleni. Alikaa siku tisa bila kushuka hata mara moja. Akawa anatazama dirishani watu wakienda kazini. Siku ya tisa akaniambia, "Mwanangu, umenipokea vizuri, Mungu akuzidishie. Lakini mimi si vyombo vya wageni, niwekwe kabatini. Nishushe."

Nikamshusha. Sikuwa na chumba cha chini cha kumpa.

Akahamia stoo ya wafagiaji wa soko, yeye upande huu, Mzee Redio upande ule, katikati wametundika magunia. Stoo ilinuka dawa ya chooni na fagio zilizolowa. Choo cha soko hufungwa jioni, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana shangazi hakunywa tena maji. Nilimkuta midomo imepasuka, nikamuuliza kama anaumwa. "Siumwi," akasema, "najipangia." Waliishi hivyo mwaka mmoja na miezi miwili.

Kila Jumatatu alikwenda ofisi ya makazi. Ofisi iko juu, ngazi ishirini na mbili, lifti haipo. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima mwenye goti bovu, alimwonea huruma akawa anampelekea karatasi juu na kumshushia majibu. Majibu yalikuwa yale yale: linashughulikiwa.

"Mama, mimi nimechoka kupanda," mlinzi alimwambia siku moja, akijipangusa jasho.

"Pole baba. Mimi nimechoka kutopanda."

Mzee Redio alikuwa amesikia hewani kwamba sheria ipo: majengo ya umma lazima yatenge vyumba vya chini kwa watu wenye ulemavu. Alifurahi kama aliyeokota kitu. "Dada, sheria ipo!"

"Ipo kwenye karatasi, kaka. Na karatasi iko ghorofani."

Hatimaye majengo yakakamilika. Wapangaji wakaitwa uwanjani kwenye kura, nami nikawasindikiza wale wawili. Vikaratasi vilikuwa ndani ya ndoo ya plastiki. Karani alikuwa kijana nadhifu, anaongea kwa adabu, na nadhani hakuwa mtu mbaya. Mzee Redio akatumbukiza mkono, akatoa namba sita, chini kabisa, jirani na bomba. Shangazi akatoa namba arobaini na moja. Ghorofa ya nne.

Watu waliguna. Shangazi alikisoma kile kikaratasi, kisha akamrudishia karani. "Mwanangu, hii si yangu."

"Ndiyo uliyookota, mama. Kura haina macho."

"Kura haina. Wewe je?"

Karani akainamisha kichwa. Akasema akimbadilishia mmoja, wote watataka chini, na kwamba aandike barua. Shangazi aliandika barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza inashughulikiwa. Ya tatu mpaka leo haijajibiwa.

Siku ya kukabidhiwa funguo, Mzee Redio aliizima redio yake. Kisha akanyoosha mkono hewani, ufunguo ukining'inia kwenye kidole. "Dada, leta wako."

"Usinifanyie huruma."

"Huruma gani? Miguu ninayo. Ghorofa ya nne au chini, kwangu giza ni lile lile. Leta ufunguo kabla sijabadili mawazo."

Wakabadilishana. Mimi ndiye niliyempandisha mzee mara ya kwanza, akihesabu ngazi kwa sauti. Zilikuwa sitini na nane. Huko juu maji hayafiki. Nilimwonyesha mlango, dirisha, mahali pa jiko, naye akagusa kuta zote nne kisha akaketi sakafuni akihema. "Panapendeza," akasema. Nikaona aibu.

Chini, shangazi alikuta mlango wa bafu ni mwembamba kuliko baiskeli. Humo huingia kwa kujiburuta. Hakulalamika. Wiki ya kwanza alikunywa maji mchana kutwa, kikombe baada ya kikombe, mpaka nikamcheka naye akanicheka.

Haikuisha miezi mitatu, mkaguzi akaja na daftari lake. Namba sita anatakiwa mwanamume asiyeona, amemkuta mwanamke anayeona. Akaandika. Wote wawili wakapewa notisi ya siku saba kwa kosa la kukaa katika chumba cha mtu mwingine. Shangazi aliisoma mara mbili akaniambia nimfungie mlango, anataka kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sijawahi kumwona amelala saa nne asubuhi.

Siku ya saba alikuja mkuu wa ofisi mwenyewe, pamoja na mkaguzi na yule karani wa kura. Majirani wakajaa uani. Mkuu akaeleza kwa upole kwamba hana ubaya na mtu, ila sheria ni sheria. Kila mtu arudi kwenye chumba chake, kisha maombi yafuate utaratibu.

"Sawa," shangazi akasema. "Narudi chumbani kwangu."

Akashuka kwenye baiskeli, akaketi kwenye ngazi ya kwanza akiipa ngazi mgongo. Akaweka viganja nyuma, akajiinua, akaketi ngazi ya pili. Miguu ikafuata ikiburutika. Nikakimbia kumshika, akanikemea, "Niache! Nimeambiwa nirudi kwangu."

Ilisikika sauti ya gauni likikwaruza saruji tu. Kwenye kituo cha kwanza, pale ngazi zinapokata kona, mkuu alisema, "Basi mama, inatosha, tumeelewa." Shangazi akajiinua ngazi nyingine, akihema. Alipofika ghorofa ya pili viganja vilikuwa vimechunika, na mkuu alikwisha kuingia garini, amepigiwa simu. Mkaguzi akamfuata. Akabaki karani peke yake, ngazi moja chini ya shangazi, amebeba kandambili zake zilizomvuka njiani. Hakujua afanye nini nazo.

Ilimchukua karibu saa nzima. Mzee Redio alikuwa amesimama mlangoni kwake juu, anasikiliza. Alipomsikia amefika alipapasa mpaka akampata bega. "Dada, umekuja kunitembelea?"

"Nimekuja kukuomba maji."

"Maji yapo chini, dada."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka. Karani akaenda pembeni akatazama ukuta.

Mume wangu na majirani wawili walimshusha jioni, wakamrudisha namba sita. Aliugua mabega na viganja wiki mbili, na zipu za watu zikalala. Nilimwambia lile lilikuwa jambo la kishujaa. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jambo la kipuuzi. "Ushujaa gani? Nilitaka waone ngazi. Mtu akizipanda kila siku hazioni."

Barua ilifika baada ya miezi miwili, na karani ndiye aliyeileta kwa mkono wake. Wameruhusiwa kubaki walipo. Kwa muda. Ruhusa ni ya mwaka mmoja, na kila mwaka shangazi alete cheti cha daktari kuthibitisha kwamba hali yake haijabadilika.

"Haijabadilika kutoka wapi?" akauliza.

Karani akasema amejaribu, hapo ndipo walipofikia. Akamwambia pia kwamba majengo ya awamu ya pili yatatenga vyumba vya chini kabla ya kura. Ameliandika yeye pendekezo hilo. Shangazi akampa mkono. "Hilo ni jambo jema, mwanangu. Watakaokuja watapumzika."

Huu ni mwaka wa tatu. Wiki iliyopita nilimsindikiza hospitali kuchukua cheti. Daktari mgeni, hajawahi kumwona, akamuuliza miguu imeanza lini.

"Tangu nina miaka mitatu. Sasa nina hamsini na nane."

"Hakuna nafuu yoyote?"

"Ikija nitakuita uje ushuhudie."

Daktari akatabasamu, akagonga muhuri.

Mzee Redio hashuki tena kila siku. Magoti yameanza kumsumbua, na mtungi wa maji ni mzito. Huja kazini siku tatu kwa wiki. Siku nyingine shangazi huchambua vifungo mwenyewe, huku anagombana na hewa. Amemwambia warudishiane funguo, mzee akakataa kata kata. Mimi humpandishia maji Jumamosi. Tumepeleka barua kuomba apewe chumba cha chini, na amekwisha kuandikiwa kwamba inashughulikiwa.