Makopo Sita ya Mwalimu Dofini

Watu wa afya walipotafuta mtu wa kuchunguza mbu wa homa ya dengi katika shule yetu, hapa Bobo-Dioulasso, aliyejitolea ni Dofini Millogo, mwalimu wa sayansi. Kazi ilikuwa ndogo: makopo sita meusi ya maji nyuma ya madarasa, kila moja na kitambaa ambacho mbu hutagia. Kila Alhamisi ahesabu mayai, aandike idadi kwenye fomu, amwage maji, aweke mengine.

Baadaye akaichoka. Wiki tatu mfululizo alijaza fomu kwa kukisia, ameketi chumba cha walimu: manne, mawili, hakuna.

Kisha mwalimu mkuu, Bibi Aïssa Dicko, akalazwa kwa dengi, na baada yake watoto wawili wa darasa la nne.

Dofini akaenda mbio kwenye makopo. Maji yalijaa viluwiluwi, na juu yalielea maganda matupu ya mbu waliokwisha kuruka. Mitego yake ilikuwa imegeuka kitalu. Alimwaga yote, akakaa pale pale topeni.

Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Siku mbili alifundisha kama kawaida. Ya tatu akaenda hospitali.

“Mtumwa wangu, umekuja mikono mitupu?” Bibi Dicko alimtania kwa sauti dhaifu. Yeye Mfulani, Dofini Mbobo, na utani wa makabila hayo, wa kuitana watumwa, hauna likizo.

Dofini alimweleza yote, macho sakafuni.

Mama yule alijiinua kwenye mto. “Zile fomu nilizitia sahihi mimi,” akasema. “Na wazazi wa wale watoto utawaambia nini?”

“Hayo hayo, mama.”

“Basi nenda. Na nisisikie umewaambia ulikuwa unaumwa.”

Alikwenda. Mama wa mtoto wa kwanza hakumkaribisha hata kigoda. Baba wa mtoto wa pili alimsikiliza, akamshukuru kwa kuja, na shukrani hiyo ilimchoma zaidi.

Wagonjwa wote walipona. Bibi Dicko aliporudi hakumwondolea kazi ya makopo. Siku hizi Dofini huhesabia mayai mezani mbele yetu walimu wenzake, kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwomba. Niliwahi kumwambia kwamba hakuna ajuaye mbu yupi alimuuma nani.

“Najua,” akanijibu, bila kuinua macho. “Hainisaidii.”