Masizi ya Mahindi ya Dani

Jumatano ya mwisho ya Januari mwaka huu tulimpoteza Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na Jumapili ya wiki iliyofuata tukamzika kando ya nyumba yake, nje kidogo ya Rangwe. Jumatatu asubuhi niliingia jikoni kwake kuwasha moto, nikainua macho, nikaona kamba tupu. Mahindi yake ya mbegu, yale mekundu yenye madoa meusi yaliyoning'inia juu ya meko miaka yote ya maisha yangu, hayakuwepo. Mtu aliyachoma akala wakati wa matanga. Wanawake waliokuwa wakipika walitazamana, kila mmoja akamwachia mwenzake lile swali. Nami nakuambia ukweli, sikutazama nyuso zao. Nilitazama mikono.

Tabia hiyo niliipata jikoni humo humo. Nililelewa pale tangu nikiwa mdogo, mama yangu akifanya kazi mbali. Asubuhi ilianza na uji wa mtama na sauti ya ufagio. Alhamisi tulikandika sakafu kwa udongo na samadi, Ijumaa tukapika chakula cha Sabato mapema, nyoyo ya mahindi na maharagwe iliyochemka tangu mchana hadi jua linapozama. Mama mkubwa, mke wa mwana wa kwanza wa Dani, ndiye aliyesugua masufuria kwa majivu na mchanga. Aliimba akisugua. Ukoko wa ugali aliubandua wote mzima kama sahani na kunipa mimi. Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli Migori, na yeye alibaki hapo bomani kumsaidia mama mkwe.

Sijui kwenu mambo yakoje, lakini kwetu mama mwenye boma ndiye anayeufungua msimu. Yeye hutangulia kutia mbegu ardhini, na wake za wanawe hufuata kesho yake. Anayemruka anaita mkosi. Dani alikuwa Msabato wa kiti cha mbele, na mhubiri aliwaambia mara nyingi kwamba mambo hayo yamepitwa. Dani aliitikia amina. Msimu ukifika, alitangulia kupanda.

Nilipokuwa na miaka minane, mwalimu wetu alituambia kwamba ndani ya kila punje kuna mmea mdogo umelala. Sikumwamini. Nilitaka kuuona. Dani alipoenda kisimani nilipanda juu ya kigoda, nikanyofoa punje tano kwenye muhindi mmoja wa mbegu, nikazifukia nyuma ya ghala. Mvua ilikuwa bado. Kila siku nilifukua moja kuitazama, kisha naifunika. Siku ya saba niliona ncha nyeupe, moyo ukanienda mbio. Zilipotoka tatu, nilizizungushia ua wa vijiti ili kuku wasiziguse. Nilishangaa ardhi kavu ile inazioteshaje, lakini sikuuliza.

Asubuhi moja nilinyofoa punje nyingine mbili, nikanawa kwa sabuni ya kipande, nikavaa sare. Kabla sijatoka, jirani aliingia kuomba moto, naye alipitia nyuma ya ghala.

"Mama, mvua haijaja na wewe umeshapanda?"

"Mimi? Sijatia hata punje."

"Basi boma hili lina mwenyewe mwingine."

Dani alikwenda akaona. Alirudi jikoni, akatazama juu ya meko, akaona muhindi wenye mapengo. Mahindi yale yalikuwa yamejaa masizi, ukiyagusa yanakupaka. Akasema, "Fungueni mikono."

Yangu ilinukia sabuni. Ya mama mkubwa ilikuwa myeusi mpaka vifundoni.

"Mama, haya ni ya sufuria."

Jirani alicheka puani. "Sufuria nayo imeota nyuma ya ghala?"

Nilijua neno moja lingetosha. Nilichukua mfuko wangu nikaenda shule.

Mwaka huo mvua ilianza, kisha ikakatika wiki tatu. Ng'ombe aliharibu mimba. Jirani hakuhitaji kusema mengi, kisimani watu walinyamaza mama mkubwa alipofika. Kabla ya kupalilia kwa pili alifunga nguo zake akamfuata mumewe Migori. Hakurudi ila kwa mazishi, na hata hapo alilala boma la pili. Ukoko nikabandua mwenyewe. Ulikatika vipande.

Nilimshuku Dani kwamba alijua. Aling'oa miche ile akawapa mbuzi, lakini vile vijiti aliviokota kimoja kimoja, akavitazama kiganjani, akavitia motoni. Mtu mzima gani hujengea mahindi matatu ua? Tangu siku hiyo, kila aliponipa kitu, awe samaki, kiwe kiazi, alitazama mikono yangu kwanza. Alikuwa na msemo wake: mkono una kumbukumbu kuliko kichwa. Sikujua kama ananipenda au ananingoja. Miaka yote nilikula chakula chake hivyo, nikimtazama akinitazama.

Baada ya mazishi, mama mkubwa na mumewe walibaki bomani, kwa kuwa sasa yeye ndiye mama mwenye boma na msimu ni wake kuufungua. Mimi hushona nguo Homa Bay mjini. Mwezi wa tatu nilifunga kibanda siku chache, nikaenda kuwasaidia. Nilimkuta mama mkubwa mlangoni kwa Dani akichagua maharagwe kwenye ungo. Nikakaa, nikachagua naye. Maneno niliyoyabeba tangu utoto yalitoka mafupi.

"Mama mkubwa, yale mahindi ya nyuma ya ghala. Ni mimi."

Vidole vyake havikusimama. "Mangapi?"

"Matano. Kisha mawili."

"Yaliota matatu. Nilikuwa nayamwagia maji ya vyombo. Nilidhani Dani amejisahau, nikasema nimfichie aibu."

"Ulijua lini ni mimi?"

"Ulipojenga ua."

"Na hukusema?"

"Nimshtaki mtoto niliyemlisha ukoko? Nilingoja useme mwenyewe." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Nimengoja sana, nyathina."

Aliniita mwanangu, na bado hakunitazama. Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua mapajani. Punje nyekundu zenye madoa meusi.

"Siku niliyoondoka nilichukua mahindi mawili pale kwenye kamba. Niliitwa mwizi wa msimu, nikaona heri niibe kitu kweli kweli." Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Nimeyapanda Migori kila mwaka."

Dani aliyahesabu mahindi yale kila jioni. Sikumbuki akilalamika kwamba mawili hayapo.

Asubuhi tulishuka shambani. Mama mkubwa alinionyesha jiwe mpakani. "Kaa hapo. Mikono magotini, niione." Sikujua kama ni mzaha. Alitia mbegu mstari mzima peke yake, punje tatu kila shimo, akifukia kwa unyayo, na kila mwisho wa hatua aliinua macho kuniangalia. Alipomaliza alinijia na kitambaa chake.

"Fungua mikono."

Nikaifungua. Aliitazama, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akanimiminia punje, akanionyesha mstari wa pili.

Hata huko Migori alikuwa ameyatundika mahindi yake juu ya moto. Nilipofika mwisho wa mstari, viganja vyangu vilikuwa vyeusi.