Punda Aliyegoma Darajani

Wajukuu zangu wananiona mtu wa ajabu. Ile kampuni ya ng'ambo imepata jina dunia nzima kwa picha za kuchora, za wanyama wanaosema na kuimba, na wao wanazijua zote kwa moyo. Mimi wakiniwekea hizo nasinzia. Niwekee zile walizotengeneza kwa watu halisi, za baba na mama na watoto na mnyama mmoja mkaidi, hapo utaniona nimesogeza kiti mbele na chai yangu inapoa. "Bibi, hizi za zamani zina nini?" wananiuliza. Nawajibu kila mtu na ladha yake, na wanyamaze tuangalie. Jibu lenyewe ni refu. Linaanzia Newala, enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka kama tisa hivi.

Gari la sinema lilikuwa la serikali. Lilipanda kwetu mara mojamoja kutoka Masasi, msimu wa korosho ukishakwisha, na kwanza lilituonyesha picha za kufundisha kupalilia mikorosho. Watu wa Kitangari na Mkunya wafundishwe mkorosho na mtu wa ofisini! Wazee walitazama kwa heshima tu, wakasubiri yapite. Baada ya mahubiri hayo ndipo tulipopewa picha za kufurahisha. Kwa kawaida walionyesha uwanjani giza likishaingia, lakini siku ninayoisema dereva alitaka kuwahi kushuka Masasi kungali mchana. Basi wakaziba madirisha ya ghala la korosho kwa magunia, tukaingizwa humo alasiri, bati linatoa joto la tanuri. Wanaume walikaa mbele, wanawake na watoto nyuma.

Nilikwenda na Bibi, mzaa mama. Mama mwenyewe alibaki nyumbani, mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Baada yangu alikuwa amezaa watoto wawili, na wote wawili walizaliwa kimya. Hawakulia. Kwa hiyo mimba hii ya sasa haikutajwa kwa sauti nyumbani kwetu, na Baba alikuwa akipita mlangoni kwa kunyata kana kwamba ni mgeni.

Zikaanza picha za kuchora. Wanyama wa vichwa vikubwa, meno nje, miguu myembamba, wakiruka na kutetemeka kwa mdundo. Wanaume walivunjika mbavu. Sisi wa nyuma tulicheka kwa adabu, kwa sababu viumbe wale tuliwajua. Walikuwa midimu. Kwetu Wamakonde, midimu ni wale wachezaji wa vinyago wanaotoka siku za jando na unyago, sura ya mti usoni na mwili wote umefunikwa. Wanawake na watoto hawaambiwi ndani kuna nani. Wanaambiwa ni mizimu imetoka makaburini, nao wanaamini, au wananyamaza, na tofauti ya hayo mawili hakuna aliyewahi kuipima. Bibi alikuwa ameshanionya tangu nikiwa mdogo kwamba msichana akimwona aliyevua kinyago, nyumba yao hufungwa uzazi.

Zile za kuchora zikaisha. Mkalimani, kijana wa pwani mwenye kofia safi, akasimama mbele ya shuka la kuonyeshea picha.

"Tulieni sasa!" akasema. "Kampuni ni ile ile. Mabwana ni wale wale mliowaona wanacheza. Ila safari hii mtawaona watu wenyewe!"

Na kweli wakatokea watu. Mwanamume mwenye ndevu, mkewe, watoto watatu, na punda.

"Wamevua!" mwanamke mmoja alipiga ukelele kwa Kimakonde. "Wamevua!"

Khanga zote zikapanda vichwani kwa mara moja. Bibi alinivutia kifuani akanifunika upindo wa khanga yake. Kila siku alinitania kwa kuniita mke mwenzake, na hata hapo aliniita hivyo, lakini sauti haikuwa ya utani. "Fumba macho, mke mwenzangu. Fumba, usituulie nyumba." Mlango ulikuwa umezibwa kwa magunia yaliyojaa, na ilichukua muda kuyaondoa. Muda wote huo tulikaa tumejifunika, watoto wanalia, mkalimani ameacha kutafsiri, picha inaendelea yenyewe. Kisha mlango ukafunguka, tukatoka tumeinamisha vichwa.

"Mbona akina mama wanatoka?" mkalimani aliuliza.

"Kwa sababu ya midimu," mzee mmoja akamjibu.

Kwa mtu wa pwani, mdimu ni mti wa ndimu. Alitoka nje, akaangaza huku na huku, mkono juu ya macho. "Midimu iko wapi? Hapa naona mikorosho tu." Hakuna mwanamume aliyemweleza. Angemwelezaje na sisi tunasikia?

Wanawake walikaa kivulini nyuma ya ghala, migongo ukutani, wakiwangoja waume zao. Mimi tangu utoto nikiambiwa acha, nasikia shika. Nikamwambia Bibi nakwenda haja, nikazunguka upande wa pili, nikatafuta gunia lenye tundu, nikatia jicho.

Ile familia ilikuwa inahama. Vyombo vyao vyote vilikuwa kwenye mkokoteni, mkokoteni ulivutwa na punda, na punda alikuwa amegoma mbele ya daraja la mbao. Chini yake mto ulikuwa unajaa. Walimsukuma, wakamvuta, wakampa sukari, yule mwenye ndevu akamhutubia. Punda wapi! Ikabidi walale hapo hapo ukingoni, siku ya kwanza, ya pili, maji yanazidi kupanda. Kilichonishangaza kuliko punda ni yule mama. Alitoka na ndoo moja, mkononi, akapiga hatua tano, akateka, akarudi analalamika mgongo. Hatua tano! Mama yangu alishuka genge zima kwenda bondeni kutafuta maji, akapanda na mtungi kichwani, na tumbo lile. Nilimchukia yule mama, halafu nikampenda, kwa sababu jioni alimfunika punda blanketi yake mwenyewe. Nilitazama mpaka mwisho. Sikujua kama moyo unaweza kuhangaikia watu wasiokujua.

Furaha ile iliniishia njiani. Nilipomwona Mama ameegemea mlango, mkono kiunoni, nikakumbuka onyo la Bibi. Nilikuwa nimeona. Wamevua, na mimi nimeona.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtoto mwema wa kutisha. Nilikwenda bondeni zamu yangu na zamu ya Mama, nikamkataza kuinua hata kata. Majirani walimsifia binti yake, naye akanisifia mbele zao, na kila sifa ilinichoma. Usingizi nao ukanipaa. Niliogopa sana, na sikuwa na wa kumwambia.

Uchungu ulimshika asubuhi, Baba ameshakwenda shamba. Mkunga alipofika alimtoa Bibi ndani, akisema mama hamzalishi bintiye. Bibi akakaa uani, akavuta kapu la muhogo, akaanza kumenya. Nikakaa karibu yake. Jua likapanda. Ndani tulisikia Mama anaguna, kisha kimya, kisha anaguna tena, na kile kimya ndicho kilichonishinda.

"Bibi," nikasema, "niliona."

"Uliona nini?"

"Siku ile ya ghala. Walipovua. Nilichungulia kwenye gunia mpaka mwisho. Ni mimi niliyemfunga Mama."

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani.

"Umemwambia nani?" Bibi akauliza.

"Sijamwambia mtu."

"Hata wenzio wa bondeni?"

"Hata wao."

"Basi hujaona." Akaendelea kumenya. "Wanaume wana yao ya kuficha, na sisi tuna yetu. Yetu ni kunyamaza. Asiyesema hajaona, na ambaye hajaona hajamfunga mtu. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa, ingawa nilikuwa nalia na sikuelewa hata nusu. Alimenya muhogo mwingine, na mwingine. Kapu lilikuwa limeshatosha kulisha mtaa. Mama akaguna kwa nguvu zaidi, mkunga akamwambia jambo, na Bibi, bila kunitazama, akasema:

"Yule punda. Mwenye sikio moja jeupe. Alivuka?"

Nilimgeukia. Khanga yake ilikuwa begani, ile ile ya siku ya ghala, imechujuka kwa kufuliwa hata unaona mkono upande wa pili.

"Alivuka, Bibi."

"Nani alimvusha? Maana yule mwenye ndevu nilimwona hajui kitu."

"Yule binti yao. Alivua kitambaa chake cha kichwani akamfunga punda macho, akamshika hatamu. Punda akapita bila kujua kama yuko darajani."

"Alimfunga macho!"

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka muhogo ukamdondoka, mpaka mkunga akatoa kichwa mlangoni: "Jamani, mwenzenu anaumwa huku!" Akajiziba mdomo kwa khanga yake, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka, nami sijui hadi leo kama yalikuwa ya kicheko peke yake. Akanivuta, akatufunika sote wawili. Tulikuwa bado tumo ndani ya khanga ile, tunatazamana, mtoto alipolia.