Oili Iliyokimbilia Upande Mmoja

Injini ya kwanza niliiua mwenyewe, mchana kweupe, huku nikicheka.

Nafundisha fizikia sekondari na ninaishi Sekei. Gari langu ni saluni ya kawaida, la kwendea kazini na kanisani, na mwaka ule ndilo lililokuwa likimchukua mama yangu kijijini kwake Akheri kila wiki kumpeleka hospitali kufanyishwa mazoezi ya mguu uliovunjika alipoanguka. Marafiki fulani walikuwa wamekodi uwanja wa zamani wa ndege ndogo katika shamba moja nje ya mji, wakapanga matairi chakavu kuonyesha njia. Mwenye gari lolote aliruhusiwa kuzunguka kwa kasi, kwa zamu. Nilikwenda mara moja, nikanogewa.

Mwisho wa uwanja kulikuwa na kona ndefu ya kushoto. Katika mzunguko wa tatu, taa nyekundu ya oili iliwaka nikiwa katikati ya kona. Nilipotoka ikazimika. Nikajiambia ni waya tu umelegea. Mzunguko wa nne ikawaka tena. Nikaiona, nikakanyaga mafuta. Wa sita injini ikaanza kugonga. Nilizima, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi kwa fundi wangu, mtaa wa Olasiti. Kesho yake nilikwenda Akheri kwa bodaboda kumweleza mama.

"Taa uliiona?" akauliza.

"Niliiona, mama."

"Ukaendelea?"

"Nikaendelea."

Akaweka chini kisu na ndizi aliyokuwa akimenya. Kisha akasema, "Nipeleke kwa huyo fundi. Nataka kujua kilichotokea."

Tulikwenda kwa teksi. Fundi alimwamkia, "Shikamoo mama," akamtolea kiti, akatuonyesha beringi za injini zilizokwaruzika kwa kukosa oili. Akachukua sampu, lile bakuli la bati lililo chini ya injini ambamo oili hukaa, akashikilia ndani yake bomba la pampu inayovuta oili, akamimina oili chafu, kisha akaiinamisha sampu upande. Oili yote ikakimbilia upande mmoja. Bomba la pampu likabaki linaning'inia hewani.

"Kwenye kona fupi za mjini oili inawahi kurudi," alisema. "Lakini kona ndefu na kwa kasi kama ile, mwalimu, pampu inavuta hewa. Na stiki yako ya kupimia ilionyesha oili ilishapungua tangu mwanzo."

Niliona aibu. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwa nini maji kwenye ndoo hupanda upande mmoja ukikata nayo kona kwa kasi, na sikuwahi kufikiria kwamba gari langu nalo limebeba ndoo.

Mama alikuwa ameinama juu ya ile sampu. "Sisi tulipobeba maji kichwani kutoka mtoni," akasema, "tulikuwa tunatia majani juu yake. Bila majani, ukifika nyumbani umelowa na ndoo iko nusu."

Fundi akaangua kicheko. "Mama, umenimalizia kazi! Ndicho ninachotaka kufanya, ila kwa bati."

Na ndicho alichofanya. Alipata injini nyingine iliyotumika, na kabla ya kuifunga akaishusha sampu yake, akachomelea vibati kuzunguka bomba la pampu, akiacha nafasi ndogo chini ili oili ipite lakini isikimbie yote kwa pamoja. Kwenye dashibodi akafunga geji ya presha ya oili yenye sindano. "Hii si dawa ya kila kitu," akanionya. "Jaza oili hadi alama ya juu, ipime kila unapopumzika, na sindano ikianguka, achia mafuta palepale."

Nilirudi uwanjani miezi kadhaa baadaye. Mama, ambaye sasa alitembea bila fimbo, alidai kuja. Nilizunguka mara nne peke yangu. Kwenye kona ndefu sindano ilishuka kidogo, ikasimama hapohapo. Nikatoka, nikapima oili, nikaongeza kidogo.

"Sasa mimi," mama akasema, akinyoosha mkono kuomba helmeti.

"Mama, hapana."

"Wewe tazama njia. Mimi nitatazama hiyo sindano."

Nilimfunga mkanda, nikamzungusha kwa mwendo wa kiasi. Tulipoingia kwenye kona alishika mlango kwa mkono mmoja, macho ameyakaza kwenye geji. "Imetulia," akawa ananitangazia. "Imetulia. Imetulia... eh, inashuka, punguza!"

Nikaachia mafuta kabla hajamaliza neno. Sindano ikapanda taratibu, naye akapumua kwa nguvu, akacheka cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu alipoanguka.

"Umeona?" akasema. "Ukionywa, unapunguza; si kama siku ya ile taa. Haya, zungusha tena."