Nilisema Nasikia

Sikuhadithiwa na wala sikuota. Mtoto aliyetaka kuchukuliwa ni mjukuu wangu, na mikono iliyompokonya ni hii yangu. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha nisikilize.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Shule niliacha darasa la tatu, lakini pua yangu ilikuwa profesa. Wanawake wa Kimasai wanaouza maziwa walikuwa wakipita uani kwangu ninuse vibuyu vyao, niwaambie kipi kimeanza kuchacha. Mahindi yakiingia ukungu ndani ya gunia, nilijua kabla gunia halijafunguliwa.

Basi mwaka jana nilikwenda Korogwe kumwona mdogo wangu anayekaa Manundu. Navuka barabara, bodaboda hii hapa. Kisogo changu kikagonga lami. Nilizinduka kitandani, kichwa kimefungwa, watu wanamshukuru Mungu, na mimi nikashukuru. Jeraha likapona. Lakini chai ikawa maji ya moto tu. Kitunguu, sabuni, choo, vyote kimya.

Nikalificha jambo hilo. Kwa nini? Kwa sababu Mwanaidi, mke wa mwanangu Rajabu, alikuwa akiniachia binti yao Saumu, wa miezi saba, wanapokwenda shamba. Bibi asiyesikia maharage yakiungua, wewe ungemwachia mtoto? Na maharage yaliungua mara mbili. Ya kwanza nilisingizia simu, ya pili nikasingizia kuni.

Rajabu akaingiwa na shaka, akanipeleka hospitali kubwa, mbali na kwetu. Daktari mwanamke, mpole, alinifunga macho akanisogezea puani kahawa, karafuu, sabuni. Nikabahatisha. Kahawa nikaiita ndimu. Akasema lazima tupige picha ya ubongo. Wakanilaza kwenye hiyo MRI yao, tundu jembamba kama tanuri la mkate, linagonga kama mafundi kumi wanaezeka mabati. Nikaambiwa nisitikisike. Nitikisike niende wapi?

Nilipokuwa benchini nangoja majibu, akaja kukaa nami mwanamke wa makamo, kitenge cha kijani, kajistiri vizuri. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia. Jambo moja nililiona na sikulitilia maanani. Watu wa benchi lile walianza kuinuka mmoja mmoja, wakigeuza shingo huku na huku. Mzee mmoja akauliza nani kaleta chakula. Mimi nikadhani ana njaa zake.

Daktari akaniita, mlango akauacha wazi. Akanionyesha ile picha. Juu ya pua, nyuma ya paji, panatakiwa vifundo viwili vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, ndivyo vinavyopokea harufu. Changu kimoja kimesagika, kingine kimebaki uzi. Akanieleza kwamba kichwa kikigonga kwa nguvu, ubongo husukwasukwa, na nyuzi zinazotoka puani hukatika.

"Bibi, pua yako haina kosa," akasema. "Mlango uko wazi. Aliyekuwa akipokea wageni ndiye hayupo."

Hakunificha, alisema huenda harufu isirudi tena. Akataka kumwita Rajabu amweleze. Nikamkataza, nikaikunja picha nikaitia kwenye mkoba.

Njiani Rajabu akaniuliza, "Mama, kwa hiyo unasikia?"

Nikajibu, "Nasikia."

Wewe unayenisikiliza unaijua lugha yetu. Sauti tunaisikia, na harufu tunaisikia. Masikio yangu mazima, nani atasema nimedanganya? Mwanaidi naye akauliza vilevile, nikamjibu vilevile. Nilijiona mjanja. Lakini siku zilizofuata sikutulia. Nakaa, nainuka. Natazama jiko, narudi kumtazama mtoto, namgeuza kama kajichafua maana pua haisemi, narudi jikoni. Nilitembea ndani ya ua ule kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Siku ya nne, alasiri, wao wako shamba, nikasikia hodi. Nani? Yule wa kitenge cha kijani. Kutoka hospitali ile mpaka kwangu ni safari ya siku nzima, na sikuwa nimemtajia kijiji. Nilimuuliza amefikaje? Sikumuuliza. Mtu mliyekaa benchi moja utamwitaje mgeni? Nikampa kigoda na maji. Maji hakuyagusa.

Akauliza, "Bibi, hapa kwako pananukia nini?"

Kiburi kikanipanda. Nikasema, "Nasikia marashi yako, mazuri kwelikweli."

Akacheka polepole. "Sijapaka marashi, bibi." Akamnyooshea mikono Saumu niliyempakata. "Nipe nikubebee."

Nami nikampa. Niamini, nilimpa kwa mikono yangu miwili, kwa sababu niliona aibu, nikataka yale mazungumzo yaishe.

Pale pale Mwanaidi akatokea upande wa njia, jembe begani. "Mama, mbona pananukia wali? Una wageni?"

Nyumbani hapakuwa na punje ya mchele. Na kwetu hata mtoto mdogo anajua, ukisikia wali unanukia mahali pasipo jiko, simama hapo hapo, pana nyoka mkubwa. Nikageuka. Yule mwanamke alikwisha inuka, katupa mgongo, anaelekea kwenye mkonge nyuma ya nyumba. Miguu yake haikusikika. Mguu wa Saumu ulikuwa unaning'inia ubavuni mwake.

Nilimrukia. Nikashika mguu wa mtoto, nikavuta, na mkono mwingine nikamsukuma yule mtu. Alikuwa wa baridi na mzito, kama gunia lililolala mvuani. Hakugeuka. Alisema tu, "Si umesema unasikia?"

Kisha akaachia. Nikaanguka chali, Saumu kifuani, analia. Nilipoinua macho, mkonge ulikuwa unatikisika chini kwa chini, na mchangani umepita mchirizi mpana. Alama ya unyayo, hata moja hapana.

Mwanaidi alimchukua mwanawe, akamkagua vidole vyote. Akaniuliza ilikuwaje nisisikie, na wali ulijaa ua mzima. Rajabu alipofika nikaitoa picha chini ya godoro. Akaiinua kwenye mwanga wa jua, hakuna alichokielewa, ikabidi nimweleze mimi wa darasa la tatu.

Mwanaidi akasema, "Nilikuuliza unasikia, mama. Ukasema nasikia."

"Kwa masikio, mwanangu."

"Nyoka simwogopi kama hilo neno lako."

Kesho yake alimbeba Saumu akaenda kwa mama yake Dindira, mlimani kwa Washambaa. Alikaa miezi miwili. Wako wanaosema alikuwa chatu tu, mengine niliyaona kwa sababu ya kichwa kilichogongwa. Sawa. Mwanaidi naye aligongwa na bodaboda?

Sasa wamerudi, lakini mtoto haachwi nami peke yangu. Mpaka awepo mtu mwingine mwenye pua. Nakaa naye uani, na kila upepo ukigeuka nawauliza, mnasikia nini? Wamenichoka. Nauliza tena.

Basi wewe uliyeanguka, ukagonga kichwa, na mchuzi ukakosa harufu, nenda ukapigwe picha. Ukipewa majibu, yaseme nyumbani siku hiyo hiyo. Watakunyang'anya mtoto. Kubali wakunyang'anye. Mimi wameninyang'anya, na hivi ninavyosema anajifunza kutembea.